Kisumu ni mji wa bandari, au ni mji uliowahi kuwa na bandari?

MwanaKaloleni (mwanzisha uzi)

Wadau, vuteni viti, huu uzi ni mrefu.

Juzi nilipanda matatu Kondele kwenda mjini, nikakaa na kijana wa chuo, begi mapajani. Tulipokaribia stesheni ya reli nikamwambia babangu alifanya kazi bandarini. Akauliza, "Mombasa?" Nikamwambia la, hapa hapa, teremka tu upande wa ziwa. Akacheka kwa adabu, vile unavyomcheka mzee aliyepotelewa na njia. "Kwani Kisumu iko na bandari?"

Sikumkasirikia. Kazaliwa wakati ule meli zimelala. Lakini nimerudi nyumbani jambo lenyewe likanikaa kooni kama mwiba wa ngege, nikaona nilitemee hapa.

Nianze na ardhi. Tazama ramani ya Ziwa Victoria, Nam Lolwe kwa wenyewe. Ni zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na Kenya tumekatiwa kama asilimia 6 tu. Katika hicho kipande chetu kuna Ghuba ya Winam, kidole cha maji kinachochomoza kwenda mashariki hadi ndani ya nchi kavu. Kwenye ncha ya kidole ndipo Kisumu. Kwa mvuvi, hapo ni uchochoroni, samaki wakubwa wako nje kule. Kwa mtu anayetoka Mombasa na reli begani, hapo ndipo ziwa limemjia kumpokea njiani.

Na ndivyo ilivyokuwa. Reli ilianza Mombasa 1896, shabaha ikiwa Uganda. 1899 ikafika Nairobi. Ikateremka Bonde la Ufa, ikapanda Mau hadi karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha ikashuka tena mpaka ziwani, mita 1,134. Tarehe 20 Desemba 1901 Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyekuwa akisimamia utandikaji wa reli, akagonga pigo la mwisho. Pakaitwa Port Florence. (Kuna wanaoshikilia kwamba Florence aliyeheshimiwa ni mke wa mhandisi mkuu, George Whitehouse. Mzozo huo nawaachia wenye muda.) Jina lenyewe halikudumu. Wenyeji walikuwa na lao zamani, Kisumo, mahali pa kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana: wewe una hiki, mwenzako ana nafaka, mnakutana hapo. Yaani biashara ilitangulia reli.

Jambo moja linalonichekesha kila mara: siku ile reli ilipofika, Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande wetu mwaka 1902. Kwa hiyo Reli ya Uganda ilifika Uganda kweli, kisha Uganda ikasogezwa.

Sasa meli. Ya kwanza ya mvuke, SS William Mackinnon, iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa. Reli haikuwapo bado. Vipande vikabebwa na wapagazi, kichwani na begani, mamia ya kilomita hadi ziwani. Ilichukua miaka, na ikaingia majini 1900. Reli ilipofika zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill, nazo zikaja kwa vipande na kuunganishwa hapa. Ndiyo maana Kisumu ina chelezo cha kukarabatia meli tangu miaka hiyo ya mwanzo.

Kisumu ililishwa na pengo. Behewa haliwezi kuogelea na meli haiwezi kupanda Mau, kwa hiyo kila gunia la pamba ya Uganda, kila ngozi, kila kreti ya vitambaa, ilibidi ishuke hapa, ikae hapa, ihesabiwe hapa, ipakiwe tena. Bega la kuli ndilo lililojenga mji: maghala, forodha, maduka ya Wahindi, Kaloleni yetu yenyewe.

Halafu 1931 reli ikavuka Nile pale Jinja na kufika Kampala kwa nchi kavu, ikipitia Eldoret. Pengo likazibwa. Kisumu ikawa tawi.

Kwa hiyo swali langu: tangu hapo sisi ni mji wa bandari, au tunajipa moyo tu?

Chapati_Mbili

Mimi bandari niliijua kwa samaki wa Lwang'ni. Vibanda vilipobomolewa 2019 ndipo nikagundua nyuma yake kulikuwa na meli.

KonaYaNakuru

Mzee MwanaKaloleni, shikamoo. Umeandika vizuri ila hapo mwisho umekimbia. 1931 haikuua bandari ya Kisumu. Sisi wa Nakuru tunalijua hilo, maana mabehewa yote yenu yanapitia kwetu.

Babu yangu alikuwa gadi wa treni. Nakuru njia inagawanyika. Moja inapanda Timboroa, Eldoret, hadi Malaba. Nyingine ni ile kongwe, yenu, na babu aliikariri kama dua: Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Miwani, Kibos, Kisumu. Kilomita 217. Alisema ukitoka Londiani kwenda chini breki zinanuka.

Sasa jiulize. Kama 1931 iliua bandari, kwa nini miaka ya 1960 Reli na Bandari za Afrika Mashariki ziliagiza Scotland meli mbili za kubeba mabehewa, MV Uhuru na MV Umoja? Hakuna anayemnunulia maiti viatu. Sababu ni mlima. Njia ya Timboroa inapanda zaidi ya mita 2,700. Injini inayovuta mzigo kule juu inakula mafuta, inakula breki, inakula muda. Kuteremsha behewa Kisumu na kulielesha hadi Port Bell, bandari ya Kampala, kulikuwa na hesabu yake.

Na kati ya hapo mji haukulala. Miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua ghubani Kisumu katika safari za kutoka Misri kuja kusini. Kabla ya hapo, Juni 1915, wanajeshi wa Waingereza walipakiwa kwenye meli hapo hapo Kisumu, wakavuka ziwa kwenda kuishambulia Bukoba ya Wajerumani na kuangusha mlingoti wao wa redio. Bandari iliyokufa haipeleki watu vitani.

MwanaKaloleni

Marahaba mwanangu. Umenibana, na nakubali nusu. Pengo halikuzibwa, lilihamishwa. Tena MV Uhuru ndiyo iliyomlisha babangu, sikupaswa kuisahau.

Ngoja niwaeleze mlichokosa kuona. Meli ile ina reli nne sitahani, imepangwa kubeba mabehewa 19, mzigo wa kama tani 880. Inafungwa kwenye daraja lenye reli, daraja linalopanda na kushuka kidogo kufuata maji. Injini ya yadi inasukuma mabehewa polepole, mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa. Siri iko kwenye zamu. Ukijaza upande wa kushoto kwanza, meli inalala kushoto na daraja linajipinda. Kwa hiyo wanaanza reli za kati, kisha pembeni, kushoto kidogo, kulia kidogo, huku mtu amesimama akitazama jinsi meli inavyoinama. Babangu kazi yake ilikuwa kufunga. Behewa likishasimama anapita na minyororo na kabari, anafunga chini, anakaza, anagonga kwa nyundo na kusikiliza. Alisema mnyororo uliokazwa sawasawa unaimba, uliolegea unakohoa.

Utotoni nilidhani amekosa adabu kwa vile akifika nyumbani alikuwa akigonga kila kitu kwa kidole. Meza, sufuria, kichwa changu.

Omunyala_Asili

Naona mnajipigia makofi Kisumu na sisi wa Budalang'i tuko hapa tumenyamaza.

Kwa taarifa yenu, reli ile haikupangiwa Kisumu. Upimaji wa kwanza wa 1892, ulioongozwa na Macdonald, ulilenga Port Victoria, kwetu, kaunti ya Busia ya leo. Barabara ya Sclater ya kutoka Kibwezi ilielekezwa huku huku. Mambo yalibadilika 1898 walipoona wakikata Mau na kuteremka kwenye ghuba yenu watafupisha njia. Kwa hiyo Port Victoria ikabaki na jina kubwa na bichi ya samaki. Ukija leo utakuta mitumbwi, omena zimeanikwa kwenye nyavu, na mafuriko ya Nzoia kila yanapojisikia.

Kila nikipita Kisumu na kuona maghala yale ya zamani nasema moyoni, hiyo ilikuwa mahari yetu.

Chapati_Mbili

Omera, mngepewa hiyo reli sasa hivi ingekuwa chini ya maji.

Omunyala_Asili

Na ya kwenu ilikuwa wapi miaka yote hiyo? Chini ya nyasi. Tuko sawa.

MwalimuWaMwanza

Wakuu, habari za ng'ambo. Mimi niko Mwanza, nimeukuta uzi nikashindwa kupita kimya.

Sisi reli yetu kutoka Tabora ilifika 1928, nanyi mlikuwa mmeshatutangulia kwa robo karne. Ila ziwa lilitufanya ndugu. Watu wa umri wangu tunakumbuka meli zilikuwa za jumuiya moja. Jumuiya ilipovunjika 1977 kikawa kama kikao cha mirathi. Uhuru ikabaki Kenya, Umoja ikaja kwetu, na MV Victoria, ile meli ya abiria ya mwaka 1961 ambayo iliunganishwa huko huko Kisumu, ikawa yetu pia. Uhuru Kenya na Umoja Tanzania: hata majina yaligawana kwa itikadi!

Uganda waliachwa na gati la Port Bell bila meli za mabehewa. Wakaagiza zao miaka ya 1980, Kabalega, Pamba na Kaawa. Mei 2005 Kabalega na Kaawa zikagongana zenyewe kwa zenyewe ziwani, Kabalega ikazama. Ziwa kubwa namna hii.

Sisi tusicheke sana. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa na Mwanza, na mamia ya watu wakaenda nayo. Nilikuwa mwalimu mpya. Darasani kwangu madawati mawili yalibaki wazi.

Nikija kwenye hoja: mnamlaumu 1931, mimi namlaumu 1977. Kabla yake behewa likitoka Mombasa halikuulizwa pasipoti. Baada yake kila nchi ikataka bandari ya bahari yake ndiyo itumike. Umoja wetu nayo ilidorora, ikaja kuamka 2018 mizigo ya Uganda ilipoanza tena kupitia Dar es Salaam na Mwanza. Na sasa vivuko vingine vinastaafu kabisa: daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Pale mtu alikuwa akisubiri pantoni hadi ugali unapoa kwenye kontena. Leo anapita kwa dakika chache.

Nyar_Obunga

Wanaume mkikaa mnaongea reli na meli kama vile mji ulikuwa wa vyuma peke yake. Ngojeni niwaambie bandari nyingine.

Mbuta, yaani sangara, hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa na kupandwa miaka ya 1950 na 1960, akala samaki wadogo waliokuwa wamejazana humo, akanenepa. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ndiye mwenye ziwa. Viwanda vikajengwa Kisumu kumkata minofu na kuipeleka Ulaya. Minofu ilipanda ndege. Kilichobaki, kichwa, mkia na ule uti wa katikati wenye nyama nyama kidogo, ndicho kililetwa mtaani kwetu Obunga. Tunakiita mgongo wazi.

Mamangu aliuza mgongo wazi miaka kumi na minne. Mnaenda getini alfajiri na beseni, mnapanga foleni, aliye na ujamaa na mlinzi anatangulia. (Kiwanda sikitaji, ila waliokuwa wakipanga foleni wanajua ni kipi na walinzi ni akina nani.) Nyumbani unaosha, unapasua kichwa katikati, unatandaza juani juu ya mabati yaliyoinuliwa ili mbwa wasifikie. Inzi hao, usiulize. Jioni karai la mafuta linakaa juu ya moto wa kuni, mafuta yenyewe yametoka kwenye samaki huyo huyo. Unajua yameiva ukirusha kipande kikazama kisha kikapanda juu mara moja. Kikikaa chini, subiri. Mamangu alitumia mkia kupimia, maana mkia hauna hasara.

Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wetu mwishoni mwa miaka ya 1990, mnajua nani aliumia wa kwanza? Si meli. Siku ile ile foleni ya getini ilikatika. Hakuna minofu, hakuna mgongo. Tulikula omena na mboga hadi walipofungua.

Sasa mbuta wenyewe wamepungua na viwanda vingi vimefunga. Ngege wengi sokoni wametoka kwenye vizimba vya ufugaji, wengine wamesafiri kutoka China wakiwa barafu. Watu wanakula samaki wa China huku ziwa liko hapo. Hapo ndipo mnipe historia ya bandari.

MwanaKaloleni

Dada, umenipiga na sufuria yenyewe. Ni kweli kabisa. Ongeza na viwanda vingine: sukari ya Miwani ilianza miaka ya 1920, ikafuata Muhoroni na Chemelil miaka ya 1960, zote ziko kando ya reli ile ile. Kicomi ikafuma vitambaa vya pamba, ikafungwa. Kiwanda cha bia kikafungwa, kikafunguliwa tena 2019 kwa uwekezaji wa shilingi bilioni 15, sasa kinanunua mtama wa wakulima wa huku. Hicho angalau kimerudi.

Ticha_Ahero

Mimi nafundisha jografia, nimevumilia kurasa mbili, sasa inatosha. Hakuna aliyetaja maji yenyewe!

Winam ni ghuba ya kina kifupi. Ziwa lote kina chake kinafika kama mita 80, lakini humu ghubani ni mita chache tu, na upande wa Kisumu ndio mfupi zaidi. Mto Nyando unateremka kutoka milimani, unapita hapa kwetu Kano, na mvua ikinyesha maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Udongo wote huo unaishia ghubani. Halafu mlango wa ghuba kuelekea ziwa kuu ni mwembamba. Pale Mbita palikuwa na mkondo kati ya bara na kisiwa cha Rusinga, ukazibwa kwa tuta la barabara miaka ya 1980. Miaka ya karibuni ndipo tuta likafunguliwa na kujengwa daraja, maji yapite. Fikiria chumba chenye mlango mmoja, na dirisha ulilokuwa nalo ukalipiga tofali.

Sasa lete gugu maji kwenye chumba hicho. Mmea huu asili yake Amerika Kusini, ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa umefunika ghuba kama zulia. Kuna siku unasimama gatini Kisumu huoni maji hata kidogo, unaona shamba. Meli inatia nanga kwenye sukuma wiki! Wavuvi wanaamka na kukuta mtumbwi hauwezi kutoka. Na haukai mahali pamoja. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu ukasukuma zulia nje, mchana upepo wa ziwani unalirudisha. Kwa hiyo nahodha anaweza kuondoka njia ikiwa wazi na kurudi akikuta mlango umefungwa.

Walileta fukusi, mdudu mdogo ambaye chakula chake ni gugu hilo tu. Wakamtawanya ziwani, na kufikia mwaka 2000 zulia lilikuwa limepungua sana. Kisha likarudi. Linakuja na kuondoka hadi leo, maana linalishwa na mbolea na maji machafu ya miji, tunalilisha sisi wenyewe.

Na kuna urefu wa maji. Mwanzo wa miaka ya 1960 ziwa lilipanda zaidi ya mita moja ndani ya miaka michache. 2020 likapanda tena, likaingia Dunga na Usoma hadi majumbani. 2024 likaongeza. Gati linalojengwa kwa kipimo cha mwaka mmoja linaweza kujikuta linaogelea mwaka mwingine.

Chapati_Mbili

"Meli inatia nanga kwenye sukuma wiki." Ticha, hiyo naiba.

DerevaMalaba

Habari zenu. Naendesha lori la mafuta, Kisumu kwenda Kampala, mwaka wa kumi na moja. Nasoma nikiwa kwenye foleni ya mpaka, ndiyo maana nina muda.

Mnajiuliza bandari ilienda wapi. Ilikuja kwetu barabarani. Bomba la mafuta lilifika Kisumu 1994, na tangu hapo lori zikaanza kupanga mstari pale depo. Ninachukua kama tani 28. Meli ya mzee ya tani 880 ni sawa na lori 31, madereva 31, turniboi 31, mama wa chai wa Busia, fundi wa tairi wa Bugiri, wote wanakula hapo. Gati la mafuta lilikamilika Kisumu 2018 na likakaa miaka bila kazi. Tuliposikia meli zinaanza, wenzangu walinuna.

Lakini niseme ukweli wangu. Kuna usiku nilikuwa nashuka na mzigo, mvua, breki za upepo zikapungua nguvu. Niliitia gari ukingoni taratibu hadi tairi likashika tope. Nilikaa kwenye kiti hadi asubuhi, sikufungua mlango, petroli nyuma yangu. Mwenye gari nilimwambia breki mapema wiki ile. Alinijibu nisimletee hadithi. Siku hiyo, kama kungekuwa na meli ya kuubeba ule mzigo, ningeipungia mkono.

KonaYaNakuru

Pole sana ndugu. Kuhusu breki zinazonuka, babu angekuelewa.

MwanaKaloleni

Pole dereva. Na asante, maana umenisaidia kuona kitu nilichokuwa nakizunguka.

Nimesoma wote. Mwalimu wa Mwanza anasema 1977, Ticha anasema tope na gugu, Dada anasema samaki, Dereva anasema barabara. Mimi nilisema 1931, nimekubali nilikosea. Sasa nasema hivi: meli yetu haikufia majini. Ilifia mlimani.

Meli ya mabehewa haina mzigo wake. Inasubiri kinacholetwa. Zile kilomita 217 za Nakuru zilipoanza kuoza, madaraja yakachoka, mataruma yakaibwa kwa kuni na vyuma vikauzwa kwa kilo, behewa la kuingia melini likakosekana. MV Uhuru ikafungwa gatini kwenye miaka ya 2000. Injini ilikuwapo. Mabaharia walikuwapo. Babangu alikuwa akienda kuitazama kila Ijumaa baada ya swala, anasimama kwenye uzio, anarudi. Mamangu alisema ana mke wa pili pale chini.

Kisha tazama kilichofuata. 2019 meli ikarudishwa kazini, bandari ikatengenezwa kwa kama shilingi bilioni 3, na reli ya Nakuru ikafufuliwa. Desemba 2021 hata treni ya abiria ya Nairobi ikarudi. Nilienda kuipokea stesheni kama mjinga, sina mgeni ninayemsubiri. Watu walipiga vigelegele. Na pale kiwanda cha meli, MV Uhuru II imeundwa hapa hapa Kisumu kwa ushirikiano na Damen ya Uholanzi, mita 100, mzigo wake mara mbili hivi ya ile ya zamani. Mabamba ya chuma yalikuja kutoka nje, lakini mikono iliyoyachomelea ni ya vijana wa hapa. Mmoja ni mpwa wangu.

Lakini naogopa kitu kimoja. Karibu kila ninachosikia kinapakiwa ni mafuta, na kurudi meli inarudi nyepesi. Zamani ilienda na vitambaa, chumvi, saruji, ikarudi na pamba, kahawa, ngozi. Mafuta hayahitaji ghala la mji wala duka wala kuli. Yanatoka kwenye bomba, yanaingia kwenye tangi, yamekwenda. Mji hauguswi. Yule kijana wa matatu anaweza kuishi Kisumu miaka kumi, meli zikienda na kurudi kila wiki, na asijue.

Nyar_Obunga

Hapo umesema. Mafuta hayana mgongo wazi.

MwalimuWaMwanza

Mkuu, leteni basi abiria! Sisi tuna MV Mwanza, watu 1,200 na tani 400 za mizigo. Wazee wenu wanakumbuka meli za kwenda Kendu Bay na Homa Bay. Mkirudisha hizo, mama mwenye kuku kumi ataijua bandari kuliko profesa.

Ticha_Ahero

Kendu Bay gati lake bado lipo. Ila nipe kwanza mtu wa kuondoa tope.

KonaYaNakuru

Mzee, babako yuko hai bado? Angepewa nafasi ya kuiona hiyo Uhuru mpya.

MwanaKaloleni

Yuko, alhamdulillahi. Ana miaka 84, miguu imechoka, masikio yako sawa. Mpwa wangu ameahidi kutuingiza Jumamosi, tukipata ruhusa ya getini. Nimemwambia mzee jana. Akauliza swali moja tu: "Minyororo wanakaza kwa mkono au kwa mashine?"

Sikujua. Nikamwambia tutaenda kuuliza.

DerevaMalaba

Jumamosi nitakuwa Kisumu napakia. Mkihitaji mtu wa kumshikia mzee mkono kwenye ngazi, nitafute hapa. Foleni imesogea, nawaaga.

Chapati_Mbili

Na mimi naja. Nitabeba chapati.

MwanaKaloleni

Saa tatu asubuhi, nje ya stesheni. Msichelewe, mzee atakuwa amefika tangu alfajiri.